CD Yangu ya Kufufua Kompyuta ya Mjomba

Jumatatu, 8 Juni

Na CD ya tatu nayo imekataa. Nimeitia kompyutani, nikazima, nikawasha, nikakaa kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Kompyuta ikawaka kama siku zote, kana kwamba haina CD tumboni. Mara nikasikia Mjomba anakohoa nje. Nikaichomoa, nikaisukuma ndani ya shati. CD iliyotoka kuchomwa huwa ina joto. Nimelijua hilo leo kwa ngozi ya tumbo.

Kisa chote ni buti. Jana wakati wa chakula Mjomba aliweka buti za mpira mlangoni, mpya, bado zina karatasi ndani. Akasema duka lake la picha, hapa mbele ya nyumba, lina vijana wawili na kompyuta moja, na Shangazi ana kuku wengi na hana kijana hata mmoja. Mwisho wa mwezi, mmoja wetu atavaa hizo buti aende kulea kuku. Akasema hataangalia nani ni binti yake na nani ni mtoto wa dada yake. Ataangalia kompyuta inamhitaji nani.

Vijana wenyewe ni mimi na binamu yangu. Yeye kasoma chuo. Cheti chake kimetundikwa juu ya mashine ya kopi, kwa hiyo humu namwita Stashahada. Yeye huniita Bwana Kimya. Anakalia kiti cha kuzunguka. Mimi nakata picha za pasipoti na kuwavalisha wateja koti la studio. Kuku wa Shangazi nawajua. Jogoo wao ananijua zaidi.

Lakini ukiwa mkimya watu husahau kwamba upo. Wiki iliyopita nilikuwa kibarazani kwa Fundi Redio, jirani yetu anayetengeneza kila kitu chenye waya. Nikamsikia anamwambia mteja kwamba kompyuta unaweza kuitolea nakala nzima, ilivyo siku hiyo, ukaiweka kwenye diski ya nje. Halafu unachoma CD ya kuwashia. Siku kompyuta ikifa unaitia ile CD, inaamka kwa nguvu ya CD, inavuta ile nakala, inarudi kama ilivyokuwa. Nikasikiliza huku nikijifanya natazama spika.

Mpango ni huu: niwe mfufuaji. Mfufuaji hapelekwi kwa kuku.

CD tatu zilizoharibika nimezitundika kwenye bustani ya mboga ya mke wa Mjomba, zitishe ndege. Kanishukuru sana. Hata nikikosea napendeza.

Jumanne, 9 Juni

Nimemwuliza Fundi Redio, lakini kwa akili. Nikasema kuna rafiki yangu ana tatizo. Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Akasema nimwambie huyo rafiki asinakili lile faili la kuwashia kwenye CD kama anavyonakili nyimbo. Programu ya kuchomea ina sehemu yake maalumu, inalifungua faili na kulitandaza kwenye CD. Ukilinakili tu, ni kama kumpa mwenye njaa gunia la unga lililoshonwa mdomo. Tena rafiki abonyeze kile kitufe cha safu ya juu ya kibodi mapema, kompyuta inapoanza kuwaka, aiambie ianze na CD. La sivyo itaendelea kumdharau.

Naondoka, akaniita. Akasema nimsalimie rafiki yangu, na nimwambie kifungo cha shati lake kimefunguka.

Mchana Mjomba kaenda kwa daktari wa meno, Stashahada kaenda kula. Nikachoma kama nilivyoambiwa. Nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, ikawa bluu, kisha ikaniuliza nataka kufanya nini. Mimi. Katika nyumba hii hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo.

Kwa vile nafasi ilikuwepo, nikaiwasha kwanza kompyuta kikawaida, bila CD. Nikavaa koti la studio na tai, nikajipiga picha nimekunja mikono, nikaibandika skrini nzima nione bosi anafananaje. Anafanana vizuri. Baada ya hapo nikaitia CD, nikatoa nakala ya kompyuta nzima kwenye diski ya nje. Ikaenda polepole, jasho likanitoka hadi magotini. Ikaisha. Nikarudisha yale maua ya Stashahada kwenye skrini, nikalitundika koti. Alipoingia nilikuwa nakata picha za pasipoti kama malaika.

CD nimeiandika kwa wino mzito: DAWA.

Jumatano, 10 Juni

Dawa ipo, mgonjwa hayupo. Kompyuta haijawahi kuwa nzima kama leo. Inawaka haraka. Haikwami. Nadhani inanifanyia makusudi.

Na leo ndiyo siku ya kazi kubwa. Mwalimu Mkuu wa sekondari ya mtaa wa pili kaleta shule nzima kupigwa picha za vitambulisho. Mama mrefu, miwani shingoni, akisema kaeni hata viti vinakaa. Vitambulisho anavitaka Ijumaa. Mjomba kanyoosha mgongo kama anapigwa picha yeye. Akatuambia sote wawili kwamba kazi hii ikiharibika, duka halitahitaji kijana yeyote, tutaenda kwa kuku kama ukoo.

Nimewavalisha wanafunzi koti mpaka likalowa. Stashahada kawapiga picha, kaziingiza kompyutani, kisha jioni kabla ya kufunga kazinakili zote tena kwenye flashi yake ndogo. Hufanya hivyo kila siku. Kama mwenye nyumba anayehesabu vijiko baada ya wageni kuondoka. Kumbe ndivyo wanavyofundishwa chuoni, kutoamini.

Alhamisi, 11 Juni

Nimeamua kuisaidia kompyuta kuugua.

Kwanza nilijaribu kufuta vitu vyake vya ndani. Ikaniandikia kwamba sina ruhusa. Hata mashine inanijibu kwa sauti ya Mjomba.

Jioni bahati ikaja yenyewe. Stashahada kasema kompyuta inajisasisha, mtu asiiguse mpaka imalize. Kwenye skrini pia iliandikwa isizimwe. Yeye akatoka kwenda kununua vocha. Mimi nikashika ufagio. Ufagio ukanasa kwenye waya wa umeme. Niliusaidia kidogo tu.

Aliporudi akabonyeza, akabonyeza tena. Ikawa inawaka nusu, inazima, inawaka nusu. Akaniuliza nimefanya nini. Nikasema nilikuwa nafagia, jambo ambalo ni kweli kabisa. Akasema Bwana Kimya, wewe kwa kufagia huna historia.

Mjomba kaja, kaona, kakaa chini kwenye kigoda cha wateja. Kesho Mwalimu Mkuu anakuja. Wanafunzi wote wale. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Hapo nilitaka kusema. Lakini dawa tamu ni ile inayotolewa mgonjwa akiwa taabani, tena mbele ya watu. Nikafagia.

Ijumaa, 12 Juni

Andika siku hii. Nimeiandika.

Asubuhi Fundi Redio aliitwa, akatikisa kichwa, akanitupia jicho, akasema labda kuna mtu mwenye rafiki anayeweza. Wakati huohuo Mwalimu Mkuu akaingia na karani wake kuchukua vitambulisho. Mjomba akawa anazungumzia hali ya hewa. Nikakohoa. Hakuna aliyegeuka. Nikakohoa tena, nikatoa CD chini ya mashine ya kukatia na diski ya nje ndani ya boksi la karatasi. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, kwamba naomba kiti.

Stashahada akainuka. Kile kiti kinazunguka kweli.

Nikatia CD. Nikabonyeza kitufe cha juu. Nyeusi, bluu, swali. Nikachagua kurudisha nakala. Stashahada akaniinamia sikioni, akauliza nakala ni ya lini. Nikasema Jumanne. Akauliza kama najua wanafunzi walipigwa picha Jumatano. Nikamwambia asimshike mganga mkono.

Mstari ukajaa taratibu. Mjomba anapumua juu ya utosi wangu. Ikazima. Ikawaka. Na hapo, mbele ya Mjomba, Fundi Redio, Mwalimu Mkuu na karani, ikatokea skrini nzima sura yangu, ndani ya koti na tai, mikono nimekunja.

Mjomba akauliza ni nani huyo kwenye koti la biashara. Mwalimu Mkuu akavaa miwani, akanitazama mimi, akaitazama skrini. Akasema kijana huyu ana sura ya mtu wa kutegemewa. Nayanakili maneno yake bila kuongeza chumvi.

Kukawa na jambo dogo. Picha za wanafunzi hazikuwepo. Jumanne zilikuwa bado hazijapigwa, kwa hiyo nakala haikuwa nazo. Mjomba akaguna kama aliyekanyaga msumari. Stashahada akatoa flashi yake, akazirudisha, akakaa kwenye kigoda kuzipanga na kuzichapisha mpaka mchana, hata chai hakunywa. Kazi ya kunakili tu hiyo. Yeyote angeweza.

Mwalimu Mkuu kaondoka na vitambulisho vyote. Mlangoni kamwambia Mjomba ana bahati kuwa na yule wa kwenye koti. Mjomba kanipa nyama kubwa kuliko yake. Ile picha yangu ameiacha kwenye skrini, kasema inavuta wateja. Stashahada kasema inavuta nzi. Wivu unaanzaga hivyohivyo.

Usiku huu nimepita mlangoni, nimezipangusa vumbi buti. Zinaonekana za saizi yake.

Jumatatu, 15 Juni

Sina muda, naandika nimesimama.

Karani wa shule kaja asubuhi anahema. Kompyuta ya ofisi ya Mwalimu Mkuu imekufa. Ndani mna alama za mtihani za shule nzima, na wazazi wanakuja kesho. Kaagizwa asirudi bila yule wa kwenye koti. Mjomba kapiga meza. Kasema haya, mwisho wa mwezi umefika mapema: atakayewarudishia shule alama zao, kiti ni chake. Mwingine avae buti.

Nimeshavaa koti. CD ninayo, diski ya nje ninayo.

Stashahada kanishika mkono wa koti, kanisihi, mtu ambaye hajawahi kunisihi. Kasema, sikiliza wewe, hiyo nakala ni ya kompyuta yetu. Ukiirudisha kwenye ya kwao itafuta vyote vya kwao, alama zote, itabaki na vitu vya dukani na sura yako. Kasema wanatakiwa kuokoa kwanza mafaili, yeye anaweza, twende wote na flashi yake. Nikamwambia taratibu, kama mkubwa, kwamba dawa hii niliitengeneza mwenyewe na watu walishuhudia ikifanya kazi. Kasema ilifanya kazi kwa sababu ya flashi. Nikamhurumia. Mtu akishaona kiti kinaondoka, husema chochote.

Kakimbilia viatu vyake. Kimoja atakikuta. Cha pili kiko juu ya kabati la fremu, nilikiweka huko wakati karani anakunywa maji. Si ubaya. Ni kumpumzisha.

Gari la shule liko nje, dereva kapiga honi mara ya pili. Mwalimu Mkuu kaagiza nifuatwe kwa gari. Nimekwisha kufikiria nitakavyokunja mikono sura yangu ikitokea kwenye skrini ya ofisi yake.

Lazima niondoke sasa hivi. Kupitia dirishani namwona Stashahada anatoka mlangoni mbio, flashi mkononi, na kwa kukosa kiatu kavaa zile buti za mpira. Zimemkaa sawasawa, kama nilivyosema. Kazivaa mwenyewe, wala hakulazimishwa, na anakimbia nazo vizuri kuliko nilivyotarajia.