Pikapu Iliyotazama Mbinguni

Jumanne, 8 Aprili

Mwanangu Ajiko anaota meno. Sijalala. Mvua inanyesha. Na bado Euphrasia!

Binamu huyu alifika kwa mama akatangaza mbele ya watu kwamba ng'ombe wa mahari ya ndugu yangu Omagor wabebwe na pikapu yake. Yangu, eti, inaburuta tumbo kama nguruwe mwenye mimba. Watu wakacheka. Mama yangu mzazi akacheka! Nikasema nitawabeba mimi, Jumamosi, mpaka Sigalame kwa kina Leonida, mchumba wake.

Halafu nikaikumbuka njia. Njia ya kwao ni tope tupu. Na baba yake Leonida hana mchezo: waposaji waliotangulia walichelewa, akawafungia lango. Omagor alinishika mkono akaniambia, dada, usiniangushe.

Simwangushi. Nitainua pikapu.

Alhamisi, 10 Aprili

Malaba, kwa fundi Olinga. Nimenunua shoki mpya za mbele, zile za kumeza mashimo, ndefu kuliko za zamani. Zenyewe zinainua gari. Halafu nikaona spesa, vile vyuma vya duara vya kuweka juu ya shoki. Navyo vinainua. Nikachukua vyote! Olinga akakuna kichwa, akauliza, vyote kweli, mama? Nikamwambia afunge, asinihoji kama askari wa boda. Akafunga huku anapiga mluzi.

Mume wangu Josiah akalizunguka gari. Akasema, Mama Ajiko, chagua kimoja. Vikiwa viwili, boljointi inayoshika tairi inavutwa mpaka mwisho. Shimo moja tu, inachomoka. Nikamwambia yeye na daktari wa kliniki wanapenda sana kutisha wamama. Nikampa mtoto ashike.

Pua iko juu. Maridadi!

Ijumaa, 11 Aprili

Majaribio. Niliwasha taa jioni, zikamulika kuku waliolala mtini. Barabara giza. Nimekalia mito ya Ajiko ndiyo nione mbele. Kila tuta, ko! Olinga alisema kwa simu kwamba gari linazoea. Linazoea nini? Akakata.

Euphrasia alipita akauliza kama nasubiri ruhusa ya kupaa. Nilimpigia honi. Honi ikakataa kulia.

Jumamosi, 12 Aprili

Kupakia kulienda vizuri. Unarudisha gari kwenye kichuguu, ng'ombe anaingia kama muumini. Lakini uzito ukakaa nyuma, pua ikapanda zaidi! Ng'ombe wakateleza wakakalia mlango wa nyuma. Mimi naona mawingu. Omagor, na suti yake, ametoa kichwa dirishani ananielekeza: kulia, dada, kushoto, mtu huyo!

Tumebakisha kidogo tufike. Shimo. KO! Tairi la mbele likalala ubavu. Boljointi nje.

Omagor hakunifokea. Alitazama saa tu, machozi yakimlenga. Heri angefoka.

Nyuma yetu nani? Euphrasia, amebeba mama, Ajiko na shangazi zangu. Akarudisha gari kwenye ukingo wa mtaro, ng'ombe wakahamia kwake, Omagor naye, mimi nikashushiwa mtoto. Shangazi wakakunja magauni yao ya gomesi wakasukuma kwenye tope. Lango walilikuta wazi. Bado kidogo tu lifungwe!

Mimi nilifika kwa miguu, mtoto mgongoni, matope mpaka magotini. Euphrasia alikuwa ameketishwa kwenye kochi. Baba yake Leonida aliniuliza kama mimi ndiye mchungaji wa ng'ombe.

Lakini Omagor amekubaliwa. Namshukuru Mungu. Namshukuru Euphrasia, kidogo.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Josiah ameuliza kama nimejifunza. Sana! Nimewaza wakati wote wa mahubiri, Ajiko amelala kifuani, tawi lake mdomoni. Shoki hazina kosa. Spesa hazina kosa. Tatizo ni kwamba niliinua mbele peke yake.

Nimemtumia Olinga ujumbe anitafutie spesa za nyuma, kubwa kuliko zote. Na mdogo wetu Okiria nasikia ana msichana Sio Port. Nimemwonya asithubutu kutafuta gari la mahari kwingine.