Kama Wewe Huondoki

Jumatatu, 14 Oktoba

Tainan, joto. Skuta tatu ziko gereji zinangoja breki. Zingoje. Leo nina jambo kubwa kuliko breki.

Asubuhi kibandani kwa Siu-khim, kama kila asubuhi kwa miaka tisa. Uji wa wali na samaki, tangawizi nyingi, benchi langu la pembeni. Akatangaza, huku anakwangua magamba, kwamba anafunga biashara. Jumamosi ya tarehe 26 anahamia Taipei kwa mwanawe Kian-bin, akalee mjukuu. Kijiko kilinidondoka. Nikasingizia uji wa moto.

Alisema hatazikosa hizi sura zetu, keshazichoka. Atakachokosa ni sinema za uwanja wa hekalu, zile watu wanazomtolea Mfalme Ong-ia kama shukrani, mungu anatazama mbele na sisi tunadoea nyuma. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alisikia pale mwanamume akimwambia mwanamke: "Kama wewe huondoki, basi na mimi siondoki. Lakini..." Baada ya hiyo lakini, hakumbuki. Jina la filamu hajui. Kabaki na mvua, upanga na mlango. Miaka arobaini na miwili anaisaka ile lakini! Akasema hajapata mwanamume wa kumwambia neno kama lile, hata marehemu mumewe, ambaye alikuwa mtu mwema lakini mdomo wake wa kulia chakula tu.

Mwalimu Teh, jiografia, mstaafu, miwani ya kamba, diski mia nne za filamu kabatini, akakohoa kisomi. Akasema hiyo bila shaka ni ya Kijapani.

Ningenyamaza ningepungukiwa nini? Nikasema nimeiona. Wapi? Kaohsiung, mwaka 78, safu ya pili, meli yetu ilikuwa imetia nanga. Inaitwaje? Nikasema jina liko kwenye ncha ya ulimi. Siu-khim akaacha kisu. Akanitazama kama vile ndiyo kwanza nimezaliwa. Nikaahidi kwamba Alhamisi ya wiki ijayo, sikukuu ya Mfalme, filamu hiyo itaonyeshwa uwanjani kwa gharama zangu mimi Kueh Tiong-hok. Akishaisikia, atapata wapi miguu ya kuondoka?

Mpango umekaa. Kasoro moja: sijaiona.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimetazama filamu tano kutwa nzima. Mvua zote, panga zote. Tatizo ni kwamba kwenye sinema kazi ya watu ni kuondoka. Huyu anapanda farasi, yule anapanda mashua, mwingine anakufa, na kufa nako si kuondoka? Hakuna hata mmoja anayekaa.

Mwenye skuta ya kijani alikuja mara mbili. Mara ya pili alikaa, tukamalizia naye ya nne. Alilia. Breki amesahau.

Alhamisi, 17 Oktoba

Akili mpya. Filamu ilionyeshwa mbele ya nani? Ya Mfalme Ong-ia. Shahidi yupo, anakaa mita hamsini toka gereji!

Nikaenda hekaluni na machungwa sita. Nikachukua vile vibao viwili vya nusu mwezi. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, kasema ndiyo. Vyote chali, anacheka. Vyote kifudifudi, hapana. Nikauliza kwa heshima: Mfalme, ilikuwa ya Kijapani? Akacheka. Ya Hong Kong? Akacheka. Ya Korea? Akacheka mpaka kibao kimoja kikaingia chini ya meza. Nikakasirika kidogo, nikamuuliza kwani maneno yale yapo kwenye filamu yoyote au hayapo. Je, yapo? Hapana. Nikarusha tena. Hapana. Mara ya tatu, hapana.

Nimekagua vibao. Vimelika upande. Mimi ni fundi, kitu kilicholika nakijua. Nimemwambia mlinzi wa hekalu havina usawa na vinamtukanisha Mfalme. Akaniambia, kaka, hivyo vibao ndivyo vilivyomwambia mke wangu asinikubali, na hadi leo anasema vilikuwa sahihi.

Mungu amezeeka, vibao vimezeeka, najitegemea mwenyewe.

Jumamosi, 19 Oktoba

Pigo. Mwalimu Teh kaja kibandani kavaa shati jeupe na simu yake kubwa kama sinia. Kapata filamu ya Kijapani, mwanamume kando ya mto anasema, "Usipoondoka, nitabaki." Siu-khim akafuta mikono kwa aproni, akasikiliza na macho kayafumba. Mwishowe akatikisa kichwa, akasema huyu amesema kama mtu anayejibu mtihani. Yule wake alikuwa na hasira kidogo ndani yake. Hasira tamu.

Nikamwagizia Mwalimu bakuli la pili kwa furaha. Akalila. Mtu mzuri, ila mshindani.

Mchana, mpango wa tatu, nao ni wa kitaalamu. Nikachukua filamu ya zamani ya panga, nikazima sauti, nikarekodi sauti yangu juu yake. "Kama wewe huondoki, basi na mimi siondoki. Lakini hata nikiondoka, nitarudi." Nzuri mno! Nikampelekea jioni.

Akatazama hadi mwisho. Kisha akauliza mambo mawili. Kwa nini mpiganaji wa enzi za wafalme ana kikohozi cha mvutaji wa gereji? Na ile honi ya lori la taka nyuma yake ilikuwa ya ukoo gani?

Nikasema nakala imechakaa. Akaniwekea dawa ya kikohozi kwenye mfuko wa shati.

Jumatatu, 21 Oktoba

Siku tano tu. Kibandani ameanza kugawa vyombo. Sufuria kubwa kampa jirani wa mboga. Nilikula uji bila kuusikia ladha.

Nikapanda skuta ya mteja (inahitaji kujaribiwa) hadi kwa Mzee Pang, yule mwenye kigari cha sinema. Miaka sabini na tisa. Mahekalu yote ya upande huu ni wateja wake. Nilikwenda kukodi mashine, na kama bahati ingekuwepo, kumuuliza kama anakumbuka filamu yenye mvua, upanga na mlango, kabla hajanicheka.

Nikamtajia maneno. Hakunicheka. Aliweka kikombe cha chai chini polepole, akaniuliza nimeyatoa wapi.

"Hayo hayamo kwenye filamu, ndugu yangu," akasema. "Hayo ni yangu."

Nikadhani uzee. Akanieleza. Mwezi wa sita, mwaka 77, yuko uwanja wetu. Katikati ya filamu mvua ikashuka kama imetupwa. Watu wote wakatimka, hata wachoma soseji. Lakini filamu ni ya mungu, si ya wachoma soseji. Mungu hajainuka kitini, wewe uzime mashine kwa ruhusa ya nani? Mzee Pang akabaki kashika turubai juu ya mashine kwa mkono mmoja, maji yanamwingia shingoni yanatokea kwenye viatu. Akageukia hekaluni akamwambia Mfalme yaliyomjaa moyoni. Alichosahau ni kwamba kipaza sauti cha kutangazia majina ya watoa shukrani alikiacha wazi.

"Nikamwambia, Mfalme, kama wewe huondoki, basi na mimi siondoki. Lakini mwenye paa ni wewe peke yako."

Nikaketi juu ya betri ya gari.

Mzee akaongeza kwamba uwanjani alibaki binti mmoja tu, chini ya mwavuli mbovu. Kwenye kitambaa cha sinema wakati ule mpiganaji wa upanga alikuwa kasimama mlangoni kwa bibie, mdomo wazi. Mzee hakujua kama binti yule alisikia.

Alisikia, Mzee. Alisikia nusu.

Jumatano, 23 Oktoba

Siwezi kumwambia. Mimi ni mtu wa maneno mengi lakini si katili. Mwanamke kakaa na kito mfukoni miaka arobaini na miwili, mimi nimwambie ni kokoto? Tena ya mtu aliyelowa?

Basi mpango wa mwisho, bora kuliko yote niliyowahi kupanga nchi kavu au baharini. Kesho Mzee Pang ataonyesha filamu yoyote ya panga. Mpiganaji akifika mlangoni, Mzee atayasema yale maneno kwenye kipaza sauti, kwa ile hasira tamu, ila mwisho ni wangu. Nimetunga miisho sita. Mmoja ulikuwa na samaki, nimeuacha. Ulioshinda: "Lakini moyo wangu ulishaondoka zamani, umehamia kwako, na kodi haulipi." Kodi niliiongeza dakika ya mwisho. Sikuweza kujizuia.

Mzee alisema hapendi kudanganya mbele ya mungu. Nikamwambia si uongo, ni matengenezo. Akakubali kwa kreti ya mapera.

Ijumaa, 25 Oktoba

Niandike yote kwa mpangilio.

Jana, saa moja jioni, uwanjani. Viti vya plastiki vimejaa, mbele kabisa kile kiti chekundu kitupu cha Mfalme. Siu-khim safu ya tatu, kavaa blauzi ya bluu ambayo sijawahi kuiona. Mwalimu Teh kando yake. Mimi nyuma ya meza ya sadaka, nimejificha baina ya kichwa cha nguruwe na mananasi.

Mzee akatangaza kwamba filamu hii ni shukrani ya fundi Kueh. Makofi. Mpiganaji akapigana, akapanda, akashuka, akafika mlangoni. Mzee Pang akavuta pumzi.

"Kama wewe huondoki," akasema, "basi na mimi siondoki."

Siu-khim akasimama. Hakungoja ile lakini. Akapita katikati ya viti, hakutazama kitambaa hata kidogo, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kigari. Sauti! Mimi nilifikiria maneno, sikufikiria sauti. Akamuuliza Mzee, baba, mwaka 77, mvua, ulikuwa wewe? Na Mzee Pang, mbele ya mungu wake, mkononi kashika karatasi yangu na kipaza sauti kiko wazi kama siku ile, akasema ndiyo. Akamweleza yote. Turubai, viatu, paa. Uwanja mzima ulisikia. Akamalizia kwamba huu mwisho wa moyo na kodi si wake, ni wa fundi, na mapera yalikuwa matamu.

Nikamtazama nguruwe, nguruwe akanitazama.

Siu-khim akakaa kwenye ngazi ya kigari. "Kwa hiyo," akasema, "nimeolewa, nimezaa, nimefiwa, na muda wote huo nimetunza manung'uniko ya mtu aliyelowa?"

Kisha akacheka. Alicheka mpaka Mwalimu Teh akamletea maji. Uwanja ukacheka, Mzee Pang akacheka, mlinzi wa hekalu akagonga ngoma. Siu-khim anarudia "mwenye paa ni wewe peke yako" na kuanza kucheka upya. Akasema ile lakini ni nzuri kuliko zote alizowahi kujitungia mwenyewe, na za kwake ziliwahi kumliza.

Alipotulia akaja kwenye meza ya sadaka. Akasogeza nanasi.

"Toka huko, A-hok. Ulikuwa unatafuta nini siku zote hizi?"

Nikaanza kumwambia kuhusu Kaohsiung. Akainua kidole. Nikaanza kuhusu sanaa ya sinema. Kidole hakikushuka. Sijui ilikuwaje, maneno yakaniisha, mimi ambaye nimegombana na mabaharia wa bandari kumi na moja.

"Usiende," nikasema.

"Basi?"

"Basi."

"Neno moja," akasema. "Umelizunguka siku kumi, umeharibu filamu ya mungu, umekohoa kwenye mdomo wa mpiganaji, kwa neno moja."

Akaondoka na mwavuli wake. Mwalimu Teh akanisaidia kukusanya viti. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba na yeye alitaka tu abaki, kwa ajili ya uji, kwa kuwa mke wake hupika kama anayelipiza kisasi. Nikamkumbatia. Miwani yake ikanasa kwenye kifungo changu, tukakaa hivyo dakika nzima.

Leo asubuhi nikapita kibandani, nimejiandaa kukuta pamefungwa. Moshi! Sufuria kubwa imerudi kutoka kwa jirani wa mboga. Akaniwekea bakuli kabla sijakaa. Akasema kazungumza na Kian-bin, atakwenda kumbeba mjukuu wiki moja, tiketi ya kurudi ameshakata. Nikauliza kwa nini. Akasema mtoto ana nyanya wawili, lakini mimi nina mpishi mmoja.

Uji ulikuwa na chumvi kupita kiasi. Nilikula mabakuli matatu.

Jumapili, 27 Oktoba

Jana nilimsindikiza stesheni na begi lake. Nilikuwa nimeapa mbele ya Mfalme, kwa machungwa kumi na mbili, kwamba tangu sasa nitasema ukweli mtupu, kwa kuwa nimeona faida yake.

Treni ikachelewa dakika sita. Dakika sita tu! Tukiwa tumekaa kwenye benchi akaanza kuimba puani wimbo fulani, wa polepole, wa kike, akasema aliusikia redioni siku alipojifungua Kian-bin na hajausikia tena. Hajui jina wala mwimbaji. Akauliza, bila nia yoyote, kama mimi labda naufahamu.

Akanitazama tena vile, kama ndiyo kwanza nimezaliwa.

Nikamwambia naufahamu sana. Nikamwambia mwimbaji mwenyewe nilicheza naye dansi Keelung, mwaka 82, akanikanyaga mguu na kuniomba radhi. Siu-khim akashika mkono wangu mpaka treni ilipoingia. Nikaahidi akirudi Jumamosi wimbo utakuwa unamngoja mezani.

Nimeshapita kwa Mwalimu Teh kumpa taarifa. Anatafuta kwenye maktaba, mimi nitashika upande wa wauza redio kuukuu. Skuta zimefika saba. Siku sita zinatosha kabisa kwa mtu mwenye uzoefu kama wangu.

Keelung kwenyewe sijawahi kufika.