Zedekiah na Ndoo Zilizokataa Kushuka

Enyi wajukuu, acheni hizo mboga, sogeeni, msikie habari ya vita vikuu ambavyo tarumbeta haikupigwa wala shairi halikutungwa. Kitendawili! Semeni tega. Askari wangu wekundu wamejipanga ukutani, adui akija hawashuki. Mmeshindwa? Nipeni mji. Ni ndoo za mchanga za Bwana Zedekiah.

Zedekiah huyo, kifua cha simba, mabega ya kabati, mwenye kofia ya shaba iliyong'aa hata kuku wakaikimbia, alikuwa Amiri wa Zimamoto katika nyumba ya utafiti wa dawa za kupe, huko upande wa Kabiria, mwaka wa sitini na nane. Mimi, Mwanasha, nilikuwa mpika chai pale, nikayaona kwa macho haya. Nyuma palikuwa na stoo ya spiriti, mapipa hadi darini. Cheche moja ingeturusha sote hadi mtaa wa Karen. Na Amiri aliilindaje ngome hiyo? Kwa brashi! Kila Ijumaa, kwa kuwa wakaguzi hupenda wekundu, alizipaka ndoo rangi papo hapo zilipoangikwa, ndoo na mifuniko yake, rangi juu ya rangi, asiziteremshe hata siku moja.

Basi Ijumaa moja, akiisha kupaka, shujaa akatupa matambara yenye tapentaini ya kuoshea brashi katika debe la taka mlangoni pa stoo, akatupa na sigara yake, akaja kwangu kupokea kikombe chake kikubwa cha chai.

"Bwana Zedekiah!" akapiga ukelele Milcah, mwosha chupa wa maabara. "Debe linawaka! Mlangoni kwa spiriti!"

Akaivaa kofia. Akaufunga ukanda wa kidevuni. Akasimama mbele ya moto, kikombe mkononi, akanena, "Enyi raia, tulieni! Mimi Zedekiah, niliyefunzwa kwa filimbi na king'ora, naapa moto huu utajuta kuwashwa!"

"Utajuta lini, baba?" Milcah akamjibu. "Mlango wenyewe unaungua!"

Akaikamata ndoo ya kwanza kwa mkono wa kuume, akavuta. Rangi ilikuwa imeigandisha kwenye ndoano. Akaukwangua mfuniko, nao umeganda. Akaiendea ya pili, akaipiga teke, akainyenyekea, akaitukana. Jeshi zima likakaa kimya, likimeremeta.

"Mwanasha! Lete ufunguo wa kabati la mpira wa maji!"

"Ufunguo si uliupeleka ofisi kuu mjini, ukasema usije ukaibiwa?" nikamjibu.

Moto ukalamba kitasa. Ndani mapipa yananuka. Tukalia kwa pamoja, "Chai! Mwaga chai!"

Shujaa akautazama moto, akaitazama chai.

"Ina sukari," akasema kwa uchungu.

"Mwaga, mwanamume wewe!"

Akamwaga. Fsss! Vita vikaisha.

Wakubwa wakatoka na makoti yao meupe, wakapiga makofi, wakamwita mwokozi wa Kabiria nzima. Naye, kwa mkono wake mtukufu, akakipaka kikombe rangi nyekundu, akakiangika kikiwa kibichi kando ya ndoo, kiwe ukumbusho kwa vizazi vyote.

Jumatatu saa nne akaja na kiu, akanyoosha mkono akichukue. Akavuta. Akavuta tena, miguu yote miwili ukutani.

Chai yake, wajukuu zangu, nilimpa kwa kifuniko cha birika, akainywa amesimama, na kofia ya shaba kichwani.