Mlezi wa Pipa la Daktari Syokimau

Jumatatu, 9 Juni
Habari ya kuudhi. Daktari Syokimau wa nyumba nambari 14, yule mama wa fizikia, amepewa tuzo kubwa ya kimataifa. Kwa sababu ya pipa! Lile pipa jeusi la maji alilolikalisha juu ya paa letu hapa Kileleshwa miaka minne, eti linanasa chembe kutoka angani. Mimi, mwenyekiti wa wapangaji, nimemwandikia barua kumi na tisa aliondoe. Nakala ninazo, zimepangwa kwa tarehe.

Leo jengo zima linampongeza. Uchaguzi ni Jumamosi. Muthama, muuza mapazia wa Ngara, anakitaka kiti changu, na ndiye amekuwa akimbebea Daktari maji. Mke wangu Waceke ananiambia, "Baba Ciru, safari hii umekwisha." Siasa hajui.

Jumanne, 10 Juni
Dawa imepatikana. Watu wa televisheni wanakuja kesho kupiga picha pipa. Nimempelekea Daktari keki, nikamweleza kwamba mimi ndiye mlezi wa utafiti huu tangu mwanzo. Akauliza kama zile barua zilikuwa za malezi. Nikasema kila mlezi hukemea. Akacheka hadi akashika mlango. Nimehesabu hiyo kama ndiyo.

Jumatano, 11 Juni
Paani saa kumi na mbili unusu asubuhi. Aibu! Vumbi, na kinyesi cha ndege. Tuzo ya kimataifa, usafi wa banda la kuku! Nikasugua. Nikaandika kwa rangi nyeupe: KWA HISANI YA MWENYEKITI KURIA. Halafu nikafikiri: kama nje ni hivi, ndani je? Palikuwa na karatasi: USIFUNGUE. Maagizo ya watoto. Nikakata utepe, nikaondoa kifuniko, jua likaingia vizuri. Nikatia sabuni ya unga.

Saa nne kamera zikafika. Daktari akatazama povu, akaketi sakafuni. Muthama ndiye aliyefoka: ndani mna jicho la umeme linalofanya kazi gizani tu, na mwanga umelichoma. "Mzee, umepofusha kitu ya watu!" Nikamjibu kwamba jicho lisilovumilia jua la Nairobi halistahili tuzo. Kumbe kamera ilikuwa inarekodi. Bora. Taifa limesikia.

Ijumaa, 13 Juni
Sherehe ya tuzo, ukumbi mmoja mjini. Sikualikwa. Niliingia nimebeba maua, mlinzi akanidhani wa mapambo. Daktari akavishwa nishani. Katika hotuba akamshukuru Muthama kwa madumu yote aliyopandisha kwa ngazi lifti ilipokufa. Kisha akasema yuko mwenyekiti mmoja ambaye barua zake zilimfunza uvumilivu. Ukumbi mzima vicheko na makofi! Nikasimama, nikainama mara tatu. Wakacheka zaidi. Kiti ni changu.

Jumamosi, 14 Juni
Muthama 31. Mimi 1.

Waceke naye alipiga kura. Nimemuuliza. Anasema kura ni siri, na kwamba chakula kinapoa.

Jumatatu, 16 Juni
Muthama alinipokonya ufunguo wa paa mbele ya wapangaji wote. Mjinga. Fundi wa Ngara alinitolea nakala miezi mingi iliyopita, dakika tano tu.

Leo chuo kikuu kimeleta pipa jipya na jicho jipya. Na hawa ndio wasomi! Limepitishwa Waiyaki Way yote bila hata turubai, kisha Daktari akalifunga hivyo hivyo na vumbi lake. Muthama, mwenyekiti wa mapazia, akasimama kando akitikisa kichwa kama anaelewa. Wageni wa tuzo wanakuja kesho kuliona likifanya kazi. Wataonaje jengo letu?

Lazima mtu mmoja awe na akili. Kengele nimeitega saa kumi na moja alfajiri, kabla Muthama hajaamka. Sabuni sitatumia tena, maana walilalamika. Maji moto tu, na kitambaa laini. Na kwa kuwa saa hiyo bado kutakuwa na giza, nimenunua tochi kubwa, nichungulie ndani vizuri.