Maji ya Kimya ya Harusi ya Ralitsa

Jumatatu, 4 Septemba

Nimepigwa marufuku. Mimi, Gancho Velchev, mwalimu wa fizikia mstaafu, nimekatazwa na binti yangu wa kumzaa kueleza kitu chochote mpaka harusi yake ipite. Ralitsa aliyasema hayo huku anakata nyanya, hata macho hakuinua. Akanikumbusha siku ya uchumba. Kana kwamba nimesahau! Nilikuwa nazungusha ndoo ya maji juu ya kichwa, watu wameduwaa kwa nini hayamwagiki. Nikawaeleza kwamba maji yanataka kwenda zao moja kwa moja, ndoo ndiyo inayoyakatalia na kuyapindisha, mradi tu usipunguze kasi. Mtu akauliza swali. Nikapunguza kasi ili nijibu. Maji yote yakamshukia mama mkwe wake mtarajiwa, na alikuwa ametoka kutengeneza nywele mjini.

Sasa sharti. Hapa kijijini kwetu Dolna Krusha, baba wa bibi harusi ndiye anayechota maji ya kimya. Asubuhi ya harusi anakwenda chemchemini na ndoo ya shaba, anarudi bila kutamka neno. Bibi harusi anaipiga ndoo teke mlangoni, maji yanamwagika, maisha yake nayo yanatiririka. Ukisema neno moja tu njiani, maji yameharibika. Ralitsa ameapa kwamba nikiropoka, atakayemshika mkono kumtoa nyumbani ni mjomba wake Mincho. Mincho! Mtu anayefungua mlango wa friji ili apoze chumba cha jikoni!

Mke wangu Nedka alicheka mpaka akakaa chini. Akasema tangu anioe hajanisikia kimya hata usingizini. Nilimsahihisha kwamba mimi ndiye niliyeoa.

Jumanne, 5 Septemba

Mazoezi. Kutoka bombani hadi bandani na ndoo imejaa. Viatu chapachapa! Kosa nimelipata: maji ndani ya ndoo yana mwendo wao wa kwenda na kurudi, na hatua zangu zinalingana nao, basi kila hatua inayasukuma palepale yanapotaka kwenda, kama mtu anayembembeza mtoto. Dawa yake ni kufupisha hatua, au kuweka kibao cha mbao kielee juu ya maji kivunje mawimbi. Nimechonga kibao cha mviringo. Halikumwagika hata tone! Nikamweleza mbuzi wa jirani, maana hakuwepo mwingine.

Mazoezi ya kunyamaza hayakwenda vizuri. Wakati wa kifungua kinywa Nedka alisema, kwa makusudi kabisa, kwamba maharage yakiwekewa chumvi yanachemka upesi zaidi. Nilivumilia. Nilivumilia. Halafu nikaeleza mpaka mkate ukakauka.

Jumatano, 6 Septemba

Nimepata hila! Mdomo uliojaa hauwezi kusema. Nikatia funda la rakia, pombe yetu kali ya matunda, nikashika ndoo, nikaanza safari. Penye mti wa plamu nikalimeza kwa bahati mbaya. Nikatia lingine. Hilo nalo likapita. Nedka amenikuta nimeikumbatia pampu ya maji, naieleza kwa nini inavuta. Alinivua viatu tu. Nimeona haya mpaka masikio yamewaka.

Ijumaa, 8 Septemba

Mkwe amekuja. Penko, baba wa bwana harusi, muuza matairi, masharubu kama ufagio tangu jeshini. Akakiona kibao changu, akachekelea. Akasema ni akili nzuri, maana mbao huelea, na kinachoelea hakina uzito, kwa hiyo ndoo inakuwa nyepesi. Nyepesi! Nikaleta mizani ya jikoni. Nikapima ndoo bila kibao, nikapima na kibao. Penko akasema mizani yangu ni mbovu.

Nikashindwa kujizuia. Nilipomaliza, kahawa yake ilikuwa baridi na Ralitsa alikuwa amesimama mlangoni. Penko akanipiga bega: "Mwalimu, ukifikisha hayo maji mdomo umefungwa, nanyoa masharubu haya." Ralitsa hakucheka. Akaniambia taratibu kwamba anataka nimtoe mimi, hamtaki mjomba, lakini ameshachoka kuona aibu kwa ajili yangu. Nilikwenda bandani nikakaa na ndoo.

Jumapili, 10 Septemba

Asubuhi nilikuwa chemchemini kabla ya jua kuchomoza. Kimya. Nikajaza, nikaweka kibao juu ya maji, nikashika njia kwa hatua fupifupi. Mama mmoja akanisalimia, nikainamisha kichwa tu. Padri akanibariki, nikainamisha kichwa. Nilikuwa mtu mpya!

Kwenye kona ya mwisho nikamkuta Penko, peke yake, amekaa juu ya jiwe na suti yake. Akasema kumbe nimepunguza uzito kwa kibao. Nikapita. Akanifuata. Akasema maji yameongezeka, mbona yamepanda tangu mbao iingie? Machozi yakanilengalenga, nikapita. Nyumba naiona. Ndipo akasema ile siku ya uchumba, mwanzoni maji hayakumwagika kwa sababu hewa iliyashikilia.

"Siyo hewa!"

Limetoka. Na likishatoka moja, mengine yanazuiwa na nini? Nilimweleza yote, nimesimama njiani, ndoo mkononi. Akaelewa. Kisha sote wawili tukaiangalia ile ndoo. Penko akabadilika rangi, akaapa alikuwa ananitania tu. Kule chini zumari na ngoma zilikuwa zimeshaanza. Kurudi chemchemini haiwezekani. Nikamwaga, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikajaza maji ya bomba.

Ralitsa akaniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa, kama watu wa kwetu wanavyotikisa wakimaanisha ndiyo. Hata hapo sikusema neno! Akaipiga ndoo teke, maji na maua yaliyotiwa ndani yake yakaenda mpaka getini, watu wakapiga kelele. Akanikumbatia mbele ya wote, akaninong'oneza: "Baba, umenyamaza kwa ajili yangu." Nikamshika mkono nikamtoa. Mincho alikuwa analia. Mimi pia, ila si kwa sababu hiyohiyo.

Jioni Penko akaingia ukumbini hana masharubu. Watu wakashangilia. Amenyoa ili binti yangu asijue. Sijawahi kumwona mtu mwenye mdomo mtupu namna ile, wala sijawahi kujiona mdogo namna ile.

Jumatano, 13 Septemba

Leo maharusi wamerudi kututembelea, kama desturi, pamoja na wakwe. Nedka ametengeneza banitsa, andazi la jibini. Ralitsa ananipakulia kwanza mimi! Nikaazimia kulibeba jambo hili mpaka kaburini.

Mincho akaanza tena kusimulia siku ya uchumba. Wote wanacheka, hata mama mkwe. Halafu akasema kilichoyashika maji ndani ya ndoo, bila shaka, ni hewa. Nikasema siyo hewa, Mincho, hata Penko alidhani hivyo, lakini nilimweleza Jumapili pale kwenye kona, nimeshika ndoo, akaelewa mara moja!

Penko akanipiga teke chini ya meza. Alikuwa amechelewa. Ralitsa akaweka uma chini. Akaangalia mdomo wa Penko, akaniangalia mimi, akauliza maji aliyoyapiga teke yalikuwa ya wapi. Nikasema ya bomba. Akatoka nje.

Nedka akaniambia niende, niombe msamaha, nisieleze. Nikaenda. Nikasema, "Nisamehe, mwanangu." Nilikusudia kuishia hapo, haki ya Mungu. Lakini alikuwa analia, anasema ameanza ndoa kwa maji ya uongo. Ningenyamazaje? Nikamwambia bomba letu linatoka chemchemi ileile, maji yanashuka mlima kwa uzito wao wenyewe, na njia nzima hayasemi neno. Akaniangalia tu. Nikaona hajaelewa. Nikamwambia asubiri kidogo nilete ndoo.

Niliporudi, gari lao lilikuwa linakata kona. Ndoo ilikuwa imejaa pomoni, na sikumwaga hata tone. Kile kibao ni kiboko. Kesho nitampigia simu nimweleze.