Peptidi Iliyoitwa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeipata! Peptidi yangu, mnyororo mfupi wa asidi amino niliouchora mwenyewe kwenye kompyuta, imeingia ndani ya kimeng'enya cha bakteria. Kimeng'enya hicho ndicho kinachowajengea ukuta. Kikizibwa, kwisha habari yao. Na peptidi yangu inakiziba barabara, kama harage lililokwama puani mwa mtoto. Kwenye kompyuta, lakini.

Mama mkwe yuko kwetu. Kaniuliza tena kama nimepata kazi. Mke wangu akamwambia natafuta dawa mpya. Mama mkwe akajibu kwa upole kwamba dawa ziko dukani, nikaulize tu. Nikaona haya mpaka kwenye nyayo.

Ijumaa Profesa atachagua peptidi moja ya kuendelea nayo: yangu, au ya Miwani, mwenzangu wa meza ya pili. Nimemwalika mama mkwe aje ajionee. Na peptidi nimeipa jina lake. Hapo lazima aniheshimu!

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mashine ya maabara imenitengenezea peptidi yenyewe usiku kucha, lakini Mama Mkwe (peptidi) hataki kuyeyuka kwenye maji. Kakaa chini ya kichupa, madonge matupu. Mbishi kama mwenyewe. Mungu anisamehe.

Nikaongeza siki ya maabara. Kidogo. Kidogo tena. Mara ya tatu nilifumba macho nikamimina. Akayeyuka! Nikadondosha kitone kwenye sahani ya bakteria.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Duara! Pale kilipodondokea kitone, hakuna bakteria hata wa kusingiziwa. Nilicheza. Profesa akaniona nikicheza.

Miwani akauliza kiko wapi kitone cha siki tupu, isiyo na peptidi. Nikasema sahani haina nafasi. Akauliza basi nimejuaje kilichoua ni peptidi, si siki. Nikamwambia wivu utamuua. Kumbe Profesa yuko nyuma yangu. Kaamuru nirudie: kwenye kitone cha peptidi ukali wa siki upoozwe, na kando yake kiwepo kitone cha siki tupu, isiyopoozwa. Sahani ifunguliwe Ijumaa mbele ya wote.

Nilijua tangu jana, nilipofumba macho. Naona aibu hata kuandika.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Akili imenirudia. Bakteria walioshiba wana nguvu. Basi nimewatengenezea sahani yenye chakula kiduchu, wakonde, wafe kwa kumwona tu Mama Mkwe. Sijamwambia mtu. Nimedondosha vitone vyote viwili kama Profesa alivyoamuru, kisha nimefunga kifuniko kwa utepe mweusi ili Miwani asichungulie. Akanishauri nichungulie mimi mwenyewe kesho asubuhi, kabla ya wageni. Nikamwambia woga ni wake.

Nyumbani nimemkuta mama mkwe anapiga pasi gauni la kesho. Akauliza kama itafaa aseme maneno mawili matatu. Nilitaka kumwambia asije. Nikafungua mdomo, nikasema itafaa sana.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Aibu! Aibu ya mchana kweupe!

Mama mkwe kiti cha mbele. Nikachana utepe kwa mbwembwe. Picha ya sahani ikatokea ukutani. Kitone cha siki tupu: duara safi, zuri kupita langu la Jumatano. Kitone cha Mama Mkwe: hakuna duara. Kuna kichuguu! Kwingine kote bakteria wamekonda kwa njaa, lakini hapo wamejazana, wanene, wanang'aa.

Profesa akatazama. Akasema wameikatakata peptidi wakaila. Mtu wa nyuma akasema kwa sauti kwamba Mama Mkwe kawapikia. Chumba kizima kikaangua kicheko.

Mama mkwe kusikia ametajwa, akainuka. Alidhani ni zamu ya maneno yake. Akashukuru kwa heshima aliyopewa. Akasema maisha yake yote hajamnyima mtu chakula, na kama hao wadogo wameshiba, yeye ameridhika. Wakampigia makofi. Mimi nilikuwa natazama vigae vya sakafu, natamani kimoja kifunguke. Profesa akachagua ya Miwani.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Sikutoka chumbani. Mama mkwe kaniletea chai mlangoni. "Pole, baba. Angalau walikula." Hana hasira hata chembe. Bora angenitukana.

Sasa anasema ameielewa kazi yangu. Nimemsikia akiwapigia simu ndugu wote: mkwe wake ni mfugaji, anafuga vidudu vidogo mno, na vinanenepa. Alisema kwa fahari. Nikajifunika shuka. Mke wangu alikuwa anacheka ndani ya mto.

Nimeapa. Sitafumba macho tena. Sitafunga sahani kwa utepe. Kitone cha siki tupu kitakuwepo daima.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Profesa kanihurumia, kanipa nafasi ya mwisho. Nina peptidi mpya, na kwenye kompyuta ni hatari tupu! Maji imeyakataa. Nimeweka siki. Kidogo tu. Kisha kidogo tena, macho wazi kabisa. Kitone cha siki tupu nilikusudia kukiweka, lakini hizi sahani wanazotununulia ni ndogo mno. Utepe ninao.

Nimeiita Baba Mkwe. Anakuja Ijumaa. Ameshafua suti.