Mama Mkwe Kama Dawa ya Unene

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimerudi kutoka hospitali. Siku mbaya, lakini namshukuru Mungu. Daktari ameikagua ngiri yangu, akaniangalia na tumbo lenyewe, akasema hanipasui. Si sasa. Mpaka nipungue! Kwa unene huu, anasema, usingizi wa upasuaji ni hatari na kidonda kitachelewa kupona. Nikamuuliza, je, ngiri ikinasa kabla ya hapo? Akasema hilo ndilo linalomtisha.

Mama Loyce alilia njia nzima hadi Mwankoko. Nikamtuliza mke wangu. Nikamwambia kupungua ni kazi ya wiki moja kwa mtu mwenye akili.

Afisa lishe, dada mpole aitwaye Winfrida, alitupa darasa. Nusu ya sahani mboga za majani, robo ugali, robo maharage au nyama. Soda marufuku. Kutembea kila siku. Mafuta kidogo. Ananiambia mimi, mwenye mashine ya kukamua alizeti! Hata hivyo nilimshukuru kwa moyo. Jirani yangu Gerald alikuwepo pia, ana presha. Aliandika kila neno. Kujipendekeza tu.

Jumatano, 5 Juni
Sahani ya Winfrida nimeijaribu. Njaa! Saa nne nikajikuta kwa muuza chapati. Anatumia mafuta yangu, kwa hiyo nilikwenda kuyakagua. Nimekagua chapati tatu. Mafuta ni mazuri. Gerald akapita, eti yuko mazoezini, akanisalimia kwa huruma. Sipendi salamu za namna ile.

Jioni likanijia wazo. Tatizo langu si chakula. Tatizo ni kwamba sina aibu. Na duniani yuko mtu mmoja tu ambaye siwezi kutafuna mbele yake, naye ni mama mkwe. Kwetu jambo hilo halifanyiki. Sasa, akikaa sebuleni kwangu mwezi mzima, nitakula wapi? Nimemwambia Mama Loyce ampigie mama yake huko Ilongero, aje apumzike baada ya mavuno. Alifurahi mpaka akanipikia wali wa nazi. Ningekataa ningemvunja moyo.

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe, Bibi Severina, amefika kwa bodaboda na majogoo wawili na ndoo ya maziwa mgando. Nilimwamkia shikamoo nikiangalia ukuta. Akaitikia marahaba akiangalia mlango, kitenge kimeshuka hadi kwenye nyusi. Heshima tupu. Kisha akakaa sebuleni, palepale nilipopanga. Mchana sikula kitu. Mpango unafanya kazi! Laiti Gerald angeniona.

Alhamisi, 13 Juni
Balaa. Mama mkwe ananizidi heshima. Ameona kwamba mkwe wake hali kwa ajili yake, basi sasa kila saa ya chakula anaondoka yeye. Anakwenda kukaa nyuma ya banda la kuku na kuniachia sebule nzima. Na kabla hajaondoka anakuwa ameshapika. Jogoo wa kienyeji, ugali kama kichuguu, maziwa mgando pembeni. Kwa mkono wake mwenyewe!

Sahani ya mama mkwe hairudishwi na kitu. Ukirudisha umesema hajui kupika. Kwa hiyo namaliza. Akiona nimemaliza, anamwambia binti yake kwamba mkwe hakushiba, kesho aongeze. Nilituma shukrani kupitia kwa Mama Loyce. Akaongeza tena. Mkanda wangu umefika tundu la mwisho.

Jumapili, 23 Juni
Ijumaa ilikuwa kliniki. Nimeongezeka kilo tatu. Gerald amepungua. Alipandisha suruali yake mbele yangu mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Winfrida aliniuliza kwa upole kama nafuata maelekezo. Nikasema nyumbani kuna mgeni.

Leo baada ya ibada ngiri imeniuma hadi nikakaa chini vumbini, na suti yangu. Ikagoma kurudi ndani. Niliogopa. Akilini nilimwona binti yetu Loyce amekatishwa masomo, na mashine yangu imeuzwa chuma chakavu. Walinilaza, ikarudi yenyewe polepole. Nashukuru sana, sana.

Nyumbani Mama Loyce alishindwa kuvumilia. Akammwagia mama yake kila kitu: daktari, kilo, hata mpango wangu wa aibu, nilioukiri kwake pale vumbini. Nilisikia yote nikiwa kitandani. Kisha mama mkwe akasema, kwa sauti ya kunifikia chumbani, kwamba huyo mkwe wake aambiwe yeye alizaa binti, hakuzaa mjane.

Jumatatu, 1 Julai
Utawala umebadilika. Sahani inakuja na mlenda, mchicha, maharage, na kitonge cha ugali wa uwele cha kumtosha mtoto. Ni sahani ileile ya Winfrida, ila hii haina rufaa. Mama mkwe haendi tena bandani. Anakaa mlangoni amenipa mgongo, anachambua mboga hadi nimalize. Nikitaka nyongeza namwomba Mama Loyce, naye anamuuliza mama yake aliye hatua mbili kutoka nilipo, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Hapana.

Asubuhi anatoka kutembea, nami namfuata kwa nyuma, maana siwezi kumwacha mama mkwe azurure peke yake ugenini. Ana miguu ya kijana! Muuza chapati ameshatembelewa. Nikipita anafunika sufuria. Nina njaa, nina hasira, na sijui kama nimewahi kupendwa hivi.

Jumatatu, 12 Agosti
Winfrida alinipima, akanipima tena. Daktari amekubali! Alhamisi napasuliwa. Gerald alinipa mkono, akanipongeza kwa dhati, nikaona haya. Nimemsamehe ile suruali.

Nyumbani niligeukia ukuta nikasema asante sana, mama. Naye akauambia mlango kwamba amepokea. Mama Loyce akacheka na kulia kwa pamoja.

Jumamosi, 17 Agosti
Niko wodini. Imekwisha! Kidonda kinauma nikicheka, lakini nacheka. Mama mkwe hakuingia, hawezi kumwona mkwe wake amelala. Alisimama nje ya dirisha amegeuka, nikaona kitenge tu, akatuma uji mwepesi. Namshukuru Mungu, daktari, Winfrida, mke wangu, na zaidi ya wote yeye. Jumatatu anarudi Ilongero. Ameniachia maagizo kupitia kwa binti yake: niendelee vilevile. Nimeapa.

Ila nimewaza. Nesi ameniambia walitoa kifuko cha ngiri. Kama kifuko kimetoka, basi ndani pamebaki nafasi, na nafasi tupu tumboni haiwezi kuwa afya. Kitanda cha jirani yuko Mzee Abraham, hana hamu ya kula kabisa. Mke wake anamletea kuku wa kukaanga na viazi kila jioni, naye anavirudisha vilevile. Inasikitisha. Nimemwambia mzee asimvunje moyo mama wa watu, mimi nitamsaidia. Akanishukuru hadi machozi yakamlenga. Kweli Mungu ni mwema, angeweza kunilaza karibu na mtu anayekula.